Kufunga AC ya split: fleya, naitrojeni na vakyumu kwa fundi anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. "Nijaze psi ngapi?" "Vakyumu niivute dakika ngapi?" "AC ina mwaka mmoja tu, gesi imeisha, nijaze?" Hilo la tatu ndilo linaloonyesha tatizo lilipo. Gesi ya AC haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inatoka. Mara nyingi mahali penyewe ni nati aliyoifunga fundi siku ile ya kwanza.

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kazi zinazofanyika kabla ya gesi. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa majokofu na viyoyozi, na kwa fundi umeme wa majumbani anayetaka kuingia kwenye AC. Mfano wetu ni split moja, yaani AC ya yuniti mbili, moja ndani na moja nje, ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza), yenye gesi ya R32 au R410A, umeme wa volti 230. Ukiifunga hii sawasawa, za BTU 9,000 na 18,000 zinafuata utaratibu huo huo. Kinachobadilika ni unene wa paipu na waya.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Vya kukatia na kuunganisha:
- Kikata paipu chenye kisu kikali. Msumeno wa chuma hapana, unaacha unga wa kopa ndani ya paipu.
- Rima ya kusafishia mdomo wa paipu.
- Kifaa cha fleya (mdomo wa paipu uliopanuliwa kama tarumbeta), kile chenye koni inayozunguka nje ya katikati. Kile cha zamani cha kukandamiza moja kwa moja kinafanya kazi, ila kinadai mkono uliozoea.
- Spana mbili, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ukiweza.
- Springi au kifaa cha kukunjia paipu.

Vya kupimia na kujazia:
- Geji za gesi, za kupima mgandamizo kwa psi, zenye kipimo cha R32 na R410A. Geji za R22 hazifai, mgandamizo wa gesi hizi mpya unazizidi.
- Adapta ya mdomo wa vali: kwenye R32 na R410A mdomo ni inchi tano kwa kumi na sita, si robo inchi kama kwenye R22.
- Pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa kutoka kwenye paipu, na mafuta yake ya akiba.
- Geji ya maikroni (kipimo cha vakyumu: namba ikishuka, hewa iliyobaki ni kidogo).
- Mtungi wa naitrojeni pamoja na regyuleta yake.
- Mizani ya gesi inayosoma gramu.
- Kleimpu mita, kipima joto chenye waya, maji ya sabuni na brashi.

Na vyako mwenyewe: miwani, glavu, viatu vilivyofunika mguu, na mkanda wa usalama ikiwa yuniti ya nje inakaa ghorofani. Gesi ikiwa kimiminika ikirukia kwenye ngozi inaunguza kwa baridi, na jichoni inaweza kupofua.

Vifaa hivi ni ghali, tunajua. Kama unanunua kidogo kidogo, anza na vya fleya, kisha geji ya maikroni. Pampu na mtungi wa naitrojeni unaweza kukodi au kuazima kwa siku. Geji ya maikroni wengi huiacha mwisho kwa kuwa ni kidude kidogo, kumbe ndicho pekee kinachokwambia kama umemaliza.

Gesi tatu utakazokutana nazo

R22 bado iko kwenye AC nyingi za zamani. Inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zetu zinaipunguza kwa hatua: asilimia 35 ilipofika 2020, asilimia 67.5 ilipofika 2025, na ifikapo 2030 itabaki kidogo tu kwa ajili ya matengenezo. Usiifanye kuwa msingi wa kazi yako.

R410A ni mchanganyiko nusu kwa nusu wa R32 na R125. Kwa sababu ni mchanganyiko, jaza ikiwa maji, yaani mtungi ukae namna gesi itoke kwa hali ya kimiminika. R32 ni gesi moja peke yake. Inapasha dunia joto kidogo kuliko R410A, na baada ya makubaliano ya Kigali ya 2016 AC mpya nyingi zinakuja nayo. Ila inashika moto, japo si kwa wepesi wa gesi ya kupikia. Usivute sigara, usiwashe tochi ya kulehemu karibu nayo, na kama imevuja chumbani fungua madirisha kwanza.

Usihamishe gesi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. R32 haiingii kwenye mashine ya R410A, wala kwenye ya R22. Gesi ya kupikia haiingii popote.

Mazoezi kabla ya nyumba ya mtu

Nunua mita mbili za paipu ya inchi tatu kwa nane. Kata vipande, tengeneza fleya ishirini. Utatupa kumi za kwanza, ni kawaida. Kumi zinazofuata ziunganishe kwa viungio viwili viwili, ziba ncha, jaza naitrojeni hadi psi 400, andika saa na joto la karakana, acha zilale hadi kesho. Kipande kilichoshuka, fungua uangalie fleya yake kwa makini. Zoezi hili moja litakufundisha zaidi ya wiki nzima ya kumshikia fundi ngazi.

Hatua kwa hatua

1. Soma kibao. Kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye yuniti ya nje kina karibu kila jibu: aina ya gesi, gramu zilizojazwa kiwandani, ampea, mgandamizo wa juu unaoruhusiwa. Kitabu cha mashine kitakupa urefu wa paipu unaohudumiwa na gesi hiyo ya kiwandani, na gramu za kuongeza kwa kila mita ya ziada. Piga picha vyote viwili.

2. Chagua mahali. Yuniti ya ndani ikae juu, kama mita 2.3 kutoka sakafuni, na iache nafasi ya sentimita 15 hivi chini ya dari ili ipate hewa. Isipulizie kitanda moja kwa moja. Yuniti ya nje isibanwe na ukuta: nyuma sentimita 10 hadi 30 kadiri kitabu kinavyosema, na mbele wazi kabisa. Ukiifungia kwenye kibaraza kilichozibwa, itavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe.

Ukifunga Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, fikiria chumvi mapema. Stendi iwe ya chuma kilichopakwa zinki kwa moto, boliti za chuma kisichoshika kutu, na yuniti isitazamane na bahari kama kuna upande mwingine wa nyumba. Mwambie mwenye nyumba kondensa (koili yenye mapezi ya yuniti ya nje) ioshwe kwa maji baridi kila baada ya miezi mitatu.

3. Toboa ukuta. Tundu la milimita 65 linatosha. Liinamie nje kidogo, ili maji ya mvua yasiingie ndani na maji ya AC yatoke. Kabla ya kutoboa, hakikisha hakuna waya wala bomba la maji ndani ya ukuta.

4. Tandaza paipu. Kwa BTU 12,000 mara nyingi nyembamba ni robo inchi, nene ni tatu kwa nane. Baadhi ya mashine zinataka nusu inchi kwenye paipu nene, kwa hiyo fuata kitabu. Unene wa ukuta wa paipu uwe milimita 0.8. Zipo nyembamba zaidi madukani, na bei yake inashawishi, lakini fleya yake hupasuka.

Kunjua roli kwa kulibingirisha chini, usilivute kama kamba. Kila kona ipinde taratibu. Paipu iliyobonyea ikatwe, isinyooshwe kwa nyundo. Ncha zote ziwe na vizibo muda wote, hasa unapopitisha tunduni, maana vumbi la tofali likiingia halitoki kwa urahisi.

Vika insulesheni paipu zote mbili, kila moja na yake. Kwenye split nyingi za nyumbani kifaa cha kupunguza mgandamizo kiko kwenye yuniti ya nje, hivyo hata paipu nyembamba inapita ikiwa ya baridi. Ukiiacha wazi, itatoa jasho na kulowesha ukuta.

5. Tengeneza fleya. Hapa usikimbie.

Kata paipu kwa kuzungusha kikata kidogo kidogo, ukikaza robo mzunguko kila mara. Ukikaza kwa pupa, mdomo unakuwa yai. Elekeza mdomo chini, ndipo upitishe rima, ili vipande vianguke nje badala ya kuingia ndani. Toa ukingo uliojikunja, lakini usiukwangue hadi mdomo uwe mwembamba kama wembe. Gongagonga paipu kwa kidole.

Vika nati sasa. Kila fundi ameshatengeneza fleya nzuri akagundua nati iko mezani.

Bana paipu kwenye kifaa. Kile cha kisasa kinataka mdomo utokeze milimita 0 hadi 0.5 juu ya uso wa kibanio. Cha zamani kinataka milimita 1 hadi 1.5. Paka tone moja la mafuta ya kompresa (pampu ya gesi ya yuniti ya nje) kwenye koni, zungusha hadi kifaa kiachie.

Sasa toa na utazame kwenye mwanga. Fleya nzuri inang'aa pande zote kama kijiko kipya, upana wake sawa kila upande, ukingo hauna ufa wala mkunjo. Kwa paipu ya robo, kipenyo kiwe karibu milimita 9. Kwa tatu kwa nane, karibu milimita 13. Kwa nusu inchi, kati ya 16.2 na 16.6. Iingize kwenye nati: ikiwa ndogo, itachomoka kwa mgandamizo, ikiwa kubwa, itakwama kwenye nyuzi za nati. Ukiona mstari mwembamba wa mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni, kata. Gesi itapita kwenye mstari huo huo.

6. Unganisha na ukaze. Paka tone la mafuta kwenye uso wa ndani wa fleya. Nyuzi za nati ziache kavu. Lenga paipu inyooke na mdomo wa vali, funga nati kwa vidole mizunguko ya kutosha kabla ya kugusa spana. Ikigoma vidoleni, umeanza vibaya, rudi nyuma. Kisha tumia spana mbili, moja inashikilia, nyingine inakaza.

Toki ni hizi: robo inchi, nyutoni mita 14 hadi 18, tatu kwa nane, 33 hadi 42, nusu inchi, 49 hadi 61. Huna spana ya toki? Funga kwa mkono hadi igome, halafu kwa robo na tatu kwa nane ongeza nyuzi 60 hadi 90, yaani hadi robo ya mzunguko; kwa nusu inchi, nyuzi 30 hadi 60. Kukaza kupita kiasi hakuongezi usalama. Kunaipasua fleya au kunaipasua nati, na nati iliyopasuka huanza kuvuja baada ya miezi, wewe ukiwa umeshasahau nyumba ilipo.

Usitumie tepu ya nyuzi wala gundi. Kinachoziba ni kopa juu ya brasi (shaba ya njano), nyuzi zinabana tu.

7. Maji na umeme. Bomba la maji literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote. Mimina lita moja ya maji kwenye trei ya yuniti ya ndani utazame yanatoka kwa kasi gani nje.

Umeme uwe na laini yake kutoka kwenye bodi. Waya wa milimita za mraba 2.5 na brekari ya ampea 16 hutosha kwa ukubwa huu, ila kibao ndicho cha mwisho. Ethi lazima. Waya za kati ya yuniti mbili zifuate namba za kwenye terminali, namba 1 kwa 1, namba 2 kwa 2. Brekari ibaki imezimwa hadi hatua ya 11.

8. Pima kwa naitrojeni. Vali za yuniti ya nje zibaki zimefungwa, kwa sababu gesi ya kiwandani iko nyuma yake. Unapima paipu zako na yuniti ya ndani.

Funga mtungi wima kwa mnyororo. Weka regyuleta, kwa maana mtungi uliojaa una mgandamizo wa bar 150 au 200, na hakuna AC ya kuuhimili. Panda kwa hatua: psi 70 kisha ngoja dakika 5, psi 220 kisha dakika 5 nyingine, halafu panda hadi kiwango cha kibao, ambacho kwa R32 na R410A huwa karibu psi 600. Usikivuke. Kama geji au mipira yako (hozi za geji) haijaandikwa kuhimili kiasi hicho, simama pale vinapoishia.

Funga mtungi, paka maji ya sabuni kila nati, subiri. Povu la kuvuja kidogo halipigi mapovu makubwa. Linajitokeza kama utando mweupe mzito unaokua polepole, kwa hiyo kipe kila kiungo dakika nzima ya macho. Acha mgandamizo angalau saa moja. Kazi kubwa huachwa saa 24.

Kumbuka joto. Kwenye psi 600, badiliko la nyuzi moja ya selsiasi linasogeza sindano kama psi 2. Ukijaza mchana kwa nyuzi 32 na kusoma usiku kwa nyuzi 27, upungufu wa psi 10 si kuvuja.

Onyo ambalo halina mjadala: usitumie oksijeni badala ya naitrojeni, hata kama fundi wa kulehemu ana mtungi hapo jirani. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa mgandamizo, inalipuka. Watu wamekufa hivyo. Usitumie pia kompresa ya hewa, inaingiza unyevu.

9. Vuta vakyumu. Toa naitrojeni yote taratibu, dirisha likiwa wazi. Unganisha pampu kwa mpira mfupi na mnene kadiri ulivyo nao. Geji ya maikroni ikae mbali na pampu, upande wa mfumo. Ukiifunga juu ya pampu itakusomea pampu yenyewe. Ukiwa na kifaa cha kutolea kiini cha vali, kitumie, muda utapungua sana.

Vakyumu ina kazi mbili: kutoa hewa, na kuchemsha maji. Kwa nyuzi 30 maji huchemka mgandamizo ukishuka hadi kama maikroni 32,000, lakini kuyamaliza kabisa ndani ya paipu kunataka ushuke chini zaidi. Lengo ni maikroni 500 au chini. Sindano ya geji ya kawaida haiwezi kukuonyesha hili. Itasimama kwenye −30 ukiwa na 5,000, itasimama hapo hapo ukiwa na 500.

Kwa hiyo swali la "dakika ngapi" halina jibu la dakika. Kwa paipu mpya za mita 5, kavu, pampu nzuri hufika kwa dakika 15 hadi 30. Paipu zilizolala wazi wakati wa masika zinaweza kuchukua zaidi ya saa.

Ukifika 500, funga vali kati ya pampu na mfumo, zima pampu, tazama dakika 10:
- Ikipanda kidogo na kutulia chini ya 1,000, umemaliza.
- Ikipanda kisha ikatulia mahali kama 2,000 au 3,000, kuna unyevu. Vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu hadi psi 2 au 3, acha dakika 5, toa, vuta tena. Rudia mara tatu ikibidi.
- Ikipanda bila kusimama, inavuja. Jaribu kwanza mipira na adapta zako, ndizo hudanganya zaidi, ndipo urudi kwenye nati.

Kamwe usiwashe AC mfumo ukiwa kwenye vakyumu. Waya za ndani ya mota ya kompresa hupigana cheche na kuungua.

Mtindo wa "kupulizia", yaani kufungua vali ili gesi isukume hewa nje kupitia nati, uache. Hauondoi unyevu, unapoteza gesi ya kiwandani, na kwa R32 unamwaga gesi inayoshika moto usoni mwako. Mafuta ya mashine hizi yananyonya maji. Yakikutana na unyevu hutengeneza asidi, na asidi inakula kompresa kimyakimya. AC itapooza vizuri mwaka wa kwanza, ndiyo maana wengi wanaamini njia hii inafaa.

10. Fungua gesi. Geji zikiwa zimefungwa, tumia alenki (ufunguo wa pembe sita) kufungua vali ya paipu nyembamba robo mzunguko kwa sekunde 5, kisha ifunge. Mfumo sasa una mgandamizo mdogo wa kwenda nje. Paka sabuni mara ya mwisho, ondoa mpira haraka, halafu fungua vali zote mbili hadi mwisho, nyembamba kwanza. Rudisha vifuniko vya vali na uvikaze kwa spana. Kifuniko nacho kinaziba, si pambo.

Kama paipu zako zimezidi urefu wa kiwandani, ongeza kwa mizani. Mfano: kitabu kinasema mita 5 za bure na gramu 20 kwa kila mita ya ziada. Umetumia mita 9, unaongeza gramu 80. Hakuna kukisia kwa sikio wala kwa kugusa paipu.

11. Washa na upime. Weka baridi, nyuzi 16 hadi 18, feni kasi ya juu, ngoja dakika 15. Halafu pima:
- Joto la hewa inayoingia na inayotoka kwenye yuniti ya ndani. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Pwani wakati wa joto kali, hewa ikiwa imejaa unyevu, tofauti huelekea upande wa chini kwa sababu nguvu nyingi inatumika kukausha hewa.
- Ampea, ulinganishe na kibao.
- Volti mashine ikiwa inafanya kazi. Chini ya 207 tatizo lako la kwanza ni umeme.
- Mgandamizo wa paipu nene, kwa mashine isiyo ya inveta: R410A na R32 huwa karibu psi 115 hadi 130, R22 karibu 60 hadi 70. Kwa inveta usihukumu kwa psi, kompresa inabadilisha kasi na namba inabadilika nayo. Mizani ndiyo hakimu.

Andika vipimo hivi kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha yuniti ya nje. Fundi atakayekuja baada ya miaka miwili, pengine wewe mwenyewe, atakuwa na pa kuanzia.

Onyo la kuhamisha AC

Kazi ya kurudisha gesi kwenye yuniti ya nje ili AC ihamishwe inaonekana rahisi: funga vali nyembamba, kompresa ivute, funga nene, zima. Usiifanye kama mfumo unavuja au umeshaingia hewa, na usifungue nati yoyote kompresa ikiwa inazunguka. Hewa ikivutwa ndani ikachanganyika na mafuta, kisha ikabanwa, kompresa inaweza kulipuka kama bomu.

Mambo yakienda vibaya

*Paipu nyembamba ina barafu, chumba hakipoi.* Gesi ni pungufu. Usiongeze bado. Tafuta mvujo, uzibe, vuta vakyumu, jaza gramu za kibao kuanzia sifuri.

*Barafu kwenye paipu nene na kwenye yuniti ya ndani.* Osha filta kwanza, kisha angalia feni ya ndani. Hewa isipopita, baridi haina pa kwenda. Filta ikiwa safi ndipo ushuku gesi.

*Feni ya nje inazunguka, kompresa inanguruma na kukata.* Kwa mashine isiyo ya inveta, pima kapasita, kifaa kinachoisaidia kompresa kuondoka. Zima brekari, toa chaji yake kwa rezista au taa ya balbu, ndipo uguse. Ikishuka zaidi ya asilimia 10 chini ya namba iliyoandikwa juu yake, badilisha. Kapasita ikiwa nzima, pima volti wakati kompresa inajaribu kuondoka. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha vitu, umeme hushuka.

*Kompresa inafanya kazi dakika chache kisha inazima.* Kondensa chafu, au yuniti imebanwa. Osha mapezi kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka ndani kwenda nje.

*Mgandamizo wa juu umezidi, sindano inatetemeka, kupooza ni hafifu.* Hewa imebaki ndani. Hakuna dawa zaidi ya kurejesha gesi kwenye mtungi wa kurejeshea, kuvuta vakyumu upya, na kujaza gesi safi kwa mizani.

*Pampu haishuki chini ya maikroni 2,000 hata ikiwa peke yake.* Badilisha mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, yamejaa maji. Badilisha yakiwa ya moto, yanatoka yote.

*Inveta inaonyesha msimbo wa mawasiliano.* Waya za kati ya yuniti zimepishana, au umeunga waya njiani. Waya hizo ziwe kipande kimoja.

*Maji yanadondoka ndani.* Bomba limepanda mahali, au ncha yake imezama kwenye maji ndani ya ndoo. Huku pwani usisahau ute wa ukungu unaojaa kwenye trei.

Kuhusu cheti

Tanzania, kozi ya majokofu na viyoyozi hutolewa kwenye vyuo vya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), na vyeti vya ufundi stadi vinakwenda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Kama umejifunzia kazini na huna cheti, ulizia mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa unachoweza kufanya, na pengo lako linafundishwa. Kenya, NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) hufanya mitihani ya gredi kwa mafundi waliojifunzia kazini, ukianzia gredi ya 3. Kote kuwili jizoeze kueleza kila hatua kwa sauti huku mikono ikifanya, na uje na fleya zako mbili tatu ulizozipima kwa naitrojeni usiku kucha.